Ulimi wa Mbwa na Ukimya Wetu

Wahenga walisema ukimzoea sana mbwa ataingia nawe msikitini. Sisi tunaoishi Uingereza tumefika mbali zaidi: mbwa anawalamba wageni usoni sebuleni, na mwenyeji anacheka na kusema, "Msijali, anawapenda tu." Tunasema hapana.

Hatuwapingi ndugu zetu wanaofuga mbwa. Watoto wetu wamekulia huku, wanapenda mbwa kama wenzao wa shuleni, na hilo si jambo la kutengana. Tunachopinga ni nyumba isiyo na mipaka.

Kwanza, heshima. Wengi wa wageni wetu ni Waislamu wafuasi wa Imam Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Palipolambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Bibi akilambwa mkono karibu na magharibi, hamkumfurahisha, mmempa kazi. Ndiyo maana baadhi ya wazee hawaji tena, wala hawasemi kwa nini. Wafuasi wa Imam Malik wana rai nyingine, lakini mgeni halazimishwi madhehebu ya mwenyeji.

Pili, afya. Wapo wanaodai mate ya mbwa ni dawa. Kinywani mwa mbwa mwenye afya njema huishi bakteria kama Pasteurella na Capnocytophaga. Wengi wetu hawatudhuru. Lakini kwa mtoto mchanga, mzee dhaifu, au mtu aliyeondolewa wengu, wanaweza kuingia katika damu na kuua. Na mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni asilambwe kabisa.

Tatu, kuna wanaosema, "Ndiyo maumbile yake, hafundishiki." Ni kweli kwamba kitoto cha mbwa hulamba mdomo wa mama yake kuomba chakula. Lakini mbwa mzima huendelea kwa sababu kulamba kunamlipa: anachekewa, anapapaswa, na hata akifokewa, ameangaliwa. Kwa lugha ya uhandisi, mtambo unaoongezewa nguvu kila unapokosea hauwezi kujirekebisha. Kateni malipo. Akilamba, simama, geuka, ondoka bila neno. Akitulia, mpe tuzo. Mfundisheni kukaa kwenye tandiko lake mgeni anapobisha hodi. Na nyumba nzima ifuate sheria moja, maana baba akikataza na mtoto akiruhusu, mbwa ataendelea kubahatisha. Kipigo hakimo katika mafunzo haya: mbwa anayepigwa huishi kwa hofu, na mbwa mwenye hofu huuma.

Mwisho, sisi wageni nasi tuseme. Kunyamaza mezani kisha kusengenya njiani si adabu. Tuseme mlangoni, kwa upole: "Tunaomba mbwa akae chumba kingine." Mwenyeji mwungwana hatakasirika. Akikasirika, ajiulize ni lini mara ya mwisho wazee walikaa kwake wakanywa chai.