Sala fupi kabla ya kufungua mlango

Saa moja na nusu jioni, Mbagala Rangi Tatu. Mama anashuka kwenye daladala alimosimama tangu Kariakoo. Amekanyagwa mguu, na chenji yake ya shilingi mia tano imebaki kwa konda. Kwenye simu kuna ujumbe wa mwenye nyumba. Akifika tu mlangoni, mtoto anampokea: "Shikamoo mama. Luku inalia tangu mchana." Kabla hajaitikia vizuri, mdogo wake anamwaga ndoo ya maji ukumbini, anakula kofi.

Siku hiyo hakukuwa na msiba wala mgonjwa. Ndiyo maana mama huyu, ambaye kwenye jumuiya anawaombea wengine mpaka machozi yanamtoka, hakukumbuka kabisa kusali. Wakristo wengi wamezoea kuombea makubwa: ajira, ndoa, uzazi, mtihani wa kidato cha nne. Foleni, chenji na luku vinaonekana havina hadhi ya kupelekwa mbele za Mungu. Lakini watoto wengi wanapigwa kwa sababu ya vitu hivyo hivyo.

Mtu akikasirika, mwili haujui kama aliyemkosea ni konda au mtoto. Moyo unakwenda mbio, mabega yanakaza, pumzi zinakuwa fupi na za juu juu. Hali hiyo haiishi kwa kushuka kwenye gari. Anaingia nayo nyumbani, na wa kwanza kukutana nayo ni yule asiyeweza kujitetea.

Hapo ndipo sala ina kazi, na kazi yake inaanzia kwenye pumzi. Mwaka 2001, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakati wakisali rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi 6 hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta kati ya 12 na 20. Kwa kasi hiyo ya polepole, midundo ya moyo na mishipa ya damu ilikwenda kwa kupatana zaidi.

Ukweli usemwe wote: watafiti hao walipata matokeo kama hayo kwa maneno ya yoga pia, na watu 23 ni wachache. Kwa hiyo hawakuthibitisha kwamba Mungu anajibu, na hilo halikuwa swali lao. Walichoonyesha ni kwamba maneno yanayorudiwa taratibu yanatuliza pumzi. Muumini hana sababu ya kukwazika. Aliyeumba pumzi ndiye huyo huyo anayeombwa. Ila rozari inayokimbizwa kama konda anavyotaja vituo haiwezi kuleta utulivu huo.

Si lazima iwe rozari. Waorthodoksi, ambao wapo hata Kagera, wana sala fupi ya kulitaja jina la Yesu na kuomba huruma, na wengi huisema wakifuatana na pumzi. Mlutheri au Mpentekoste anaweza kuchukua mstari mmoja anaoupenda wa Zaburi, nusu akivuta pumzi, nusu akiitoa. Inawezekana kufanya hivyo macho yakiwa wazi, mkono umeshika bomba la daladala, na jirani asijue.

Baada ya pumzi yanakuja maneno, na hapa wengi wanakosea kwa adabu. Wanamwambia Mungu "asante kwa siku njema" huku koo limekaba kwa hasira. Zaburi haziko hivyo. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atasahau mpaka lini, na ya 88 inaishia gizani, bila faraja yoyote mwishoni. Kama watu wa Biblia walilalamika wazi namna hiyo, mzazi naye anaweza kusema mlangoni: "Bwana, nimechoka. Nina hasira na konda, na naogopa kodi. Watoto hawa hawajanikosea."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Konda hatarudisha chenji kwa sababu ya sala, na kodi itabaki palepale. Kinachobadilika ni kwamba hasira imetajwa kwa jina la mwenyewe, na mtoto hatadaiwa deni lisilo lake.

Ipo pia sala inayoondoa amani. Familia imekaa kwa sala ya usiku, mama anaanza: "Bwana, mkumbuke na baba wa nyumba hii, anayerudi saa tano akinuka pombe." Mungu anasikia, lakini kila mtu pale anajua nani anaambiwa. Baba naye zamu yake ikifika, anaombea "wanawake wenye midomo". Watoto wanajifunza kwamba sala ni fimbo nyingine ya nyumbani. Maneno hayo yana mahali pake, wawili wakiwa peke yao, wakizungumza kama watu wazima.

Na kama kofi limeshatoka? Yesu, katika Mathayo 5, anamwambia mwenye ugomvi aiache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza. Kwa hiyo kumwomba mtoto msamaha kunatangulia sala ya usiku. Wazazi wengi hili linawashinda, wakihofia heshima itashuka. "Mwanangu, nilikupiga kwa hasira zangu, nisamehe" ni maneno machache, na mtoto aliyeyasikia anajua kwamba kosa halikuwa lake.

Mengine hayaishii kwenye sala peke yake. Mwenye dawa za presha aendelee kuzimeza hata akijisikia mwepesi baada ya maombi, na asiziache mpaka daktari aseme. Anayekosa usingizi wiki mbili mfululizo, anayelia bila sababu au kuona maisha hayana maana, aende kituo cha afya sasa, akasali njiani. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie na kuomba. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto anayeteswa, au jirani anayemsikia akilia kila usiku, anaweza kupiga 116 bila malipo.