Umoja wa chuo hauko kwenye banderoli



Mwaka wa masomo unafikia mwisho. Ni wakati wa vyuo kutoa diplome, viongozi wanakuja, watu wanapiga picha. Na mara nyingi kuko banderoli juu ya mlango: "Sisi wote ni wamoja", "Chuo cha amani". Sisi vijana wa harakati ya raia hatupingi sherehe. Tunauliza tu: mwaka huu wote, kazi gani ilifanyika ili tuwe wamoja? Ju umoja nao ni kazi. Iko na masaa yake, iko na watu wa kuifanya, na mwisho wa mwaka inapaswa kutolewa hesabu kama vile feza inavyotolewa hesabu.

Tuvuke ziwa kidogo. Ng'ambo yetu, Burundi, katika milima ya Bururi, kuko seminari ndogo ya Buta. Tarehe 30 mwezi wa nne 1997, mapema asubuhi, watu wenye silaha waliingia mahali wanafunzi wanalala. Wakawaamuru: Bahutu upande huu, Batutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa kutengana. Vijana 40 wakauawa pamoja. Mwezi mmoja na nusu mbele ya hapo, tarehe 18 mwezi wa tatu 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, Rwanda, nao waliamriwa vile vile. Nao wakakataa, na wengine kati yao wakauawa. Leo Rwanda inawahesabu kati ya mashujaa wa taifa.

Wengi wanakumbuka kifo chao. Sisi tunataka tukumbuke pia miaka iliyotangulia. Rais Melchior Ndadaye aliuawa mwezi wa kumi 1993, na tangu hapo chuki iliingia mpaka mashuleni Burundi. Pale Buta, mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, hakungojea hatari ifike mlangoni. Aliwakalisha wanafunzi wazungumze juu ya historia ya nchi yao, hata ile inayouma. Walicheza pamoja, walisali pamoja. Ile asubuhi ya 1997 jibu lilikuwa limekwisha kutayarishwa miaka mitatu na zaidi. Hakuna mtu anayejifunza kukataa kutengana siku ile anapoamriwa kutengana.

Hatusemi hayo ili kuomba mwanafunzi yeyote afe. Mtoto anaenda shuleni kusoma, haendi kufa. Tunasema ili wakubwa wafanye sehemu yao mapema.

Sasa turudi kwetu. Fizi ni nyumba ya wengi: Babembe, Babwari, Bazoba, Babuyu, Bafuliiru, Banyindu, Banyamulenge, Batwa, na wakimbizi wa Burundi wanaoishi Lusenda tangu 2015. Na kila upande uko na makaburi yake. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, watu wetu waliuawa Makobola kwa mamia. Tarehe 13 mwezi wa nane 2004, wakimbizi Wakongomani, wengi wao Banyamulenge, waliuawa Gatumba. Tunajua kuandika majina hayo mawili katika mstari mmoja kutawakasirisha watu fulani. Wengine watasema: "Mbona mumetaja ya bale?" Jibu letu ni hili: mwanafunzi aliyepoteza babu yake Makobola na mwanafunzi aliyepoteza mama yake Gatumba wanaweza kujikuta kwenye banki moja. Kama mwalimu anajua kilio cha mmoja tu, darasa limekwisha kupasuka hata kama hakuna aliyepigana.

Na mpasuko hauanzi na bunduki. Unaanza pale jina linasomwa kwenye orodha, halafu sauti inatoka nyuma: "Ule haiko wa kwetu." Watu wanacheka, mwalimu anaendelea na somo. Unaanza pale kikundi cha kazi kinagawanywa na kila mmoja anatafuta wa kijiji chake. Unaanza pale mwanafunzi kilema anabaki nje kwa sababu chumba kiko juu na ngazi ni mbovu, au msichana aliyepata mimba anafukuzwa na mvulana anaendelea kusoma. Hayo yote ni mambo madogo. Lakini ni katika hayo madogo watu wanazoea kuona mwenzao akitolewa na kunyamaza.

Sheria haijanyamaza. Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inasema kila mtu aingie shule za taifa bila kubaguliwa kwa sababu ya mahali alipotoka, rangi, dini, jinsia, mawazo yake au hali ya mwili wake. Mwaka wa 2022 zimetoka sheria mbili tena: moja ya mwezi wa tano inayolinda watu wenye ulemavu, na ingine ya mwezi wa saba inayolinda Batwa. Kwa hiyo chuo kinachomfungulia mtu mlango hakimfanyii hisani. Kinatimiza sheria.

Hapa kuko swali gumu, na hatutaki kulikwepa. Ukitaka kujua kama chuo ni cha wote, unapaswa kuhesabu. Lakini kuhesabu nini? Wengine wanashauri tuandike kabila la kila mwanafunzi, halafu tugawanye nafasi. Sisi tunakataa. Mwanafunzi hawezi kubeba kabila lake kwenye karatasi ya chuo katika nchi ambamo karatasi inaweza kuanguka mikononi mwa mtu yeyote. Pale Buta na Nyange, wenye silaha walipaswa kuomba wanafunzi watengane, ju hawakuweza kuwatofautisha wenyewe. Tusiwape orodha.

Tuhesabu kitu kingine: nani alianza na hakumaliza, na kwa nini. Mwanafunzi mmoja ameacha ju minervali imemshinda. Mwingine wa Ubwari amekosa mtihani ju ziwa lilichafuka na boti haikutoka. Mwingine ameacha ju barabara ya milimani haipitiki, au ju alitishwa. Ukiandika sababu bila kuandika kabila, utaona mlango gani umefungwa, na nani anapaswa kuufungua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa vyuo vyote vya Fizi na Baraka:

Kwanza, kila mwisho wa mwaka komite ya chuo itangaze mbele ya wanafunzi na wazazi: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi, na sababu za walioacha. Majina yasitajwe.

Pili, mtihani wa mwanafunzi aliyezuiwa na ziwa au na vita uwe na siku ya kurudiliwa, bila kulipa mara ya pili. Upepo haulipishwi faini, mbona anayelipishwa ni mwanafunzi?

Tatu, kila mwezi kuwe saa moja la kuzungumza historia yetu, pamoja na ile inayouma, mbele ya mwalimu anayejua kusikiliza pande zote. Lugha tunayo: Kiswahili ni cha sisi wote huku.

Kwa serikali ya jimbo tunasema: bila usalama kwenye barabara za milimani na kwenye ziwa, haya yote yatabaki karatasi. Kuna vijana wa Minembwe wasioweza kushuka kusoma Baraka, na kuna vijana wa Baraka wasioweza kupanda. Chuo peke yake hakiwezi kuwafikia.

Na kwa sisi vijana: tusingojee komite. Kesho sauti ikitoka nyuma ya darasa, "Ule haiko wa kwetu", mmoja wetu asimame na kujibu: "Ni wa kwetu." Haiombi feza, haiombi ruhusa ya mtu. Anayejibu vile leo kwa ajili ya mzaha, kesho atajua kujibu kwa jambo kubwa zaidi.

Mwaka ujao, wakati banderoli itatundikwa tena, tutakuja na swali lile lile: hesabu iko wapi?