Hesabu ya Marumaru za Jikoni Ianze kwa Mama

Katika ukurasa wetu wa utunzaji wa nyumba, leo tunapenda tuzungumze juu ya sakafu ya jikoni.

Wengi wetu hapa Nkuhungu tumehamia katika nyumba ambazo hazijamalizika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimejenga kwa haraka zikaingia, na jikoni pakabaki na sakafu ya saruji "mpaka Mungu atakapojalia". Sakafu ya namna hiyo huchimbika, hutoa vumbi na hunywa mafuta. Kwa hiyo mama akipata zamu yake katika kikoba, mara nyingi jambo la kwanza analofikiria ni marumaru.

Hapo ndipo panapohitaji busara. Fundi husimama mlangoni, hutazama mara moja na kusema, "Mama, leta maboksi manane." Zikibaki nyingi, ada ya mtoto imelala stoo. Zikipungua, mama hurudi dukani akakuta mzigo mwingine wenye rangi iliyotofautiana kidogo na ile ya kwanza. Baba naye anauliza fedha zimekwenda wapi, na amani ya nyumba inaingia doa kwa sababu ya maboksi mawili. Bwana wetu alitumia mfano wa mjenzi wa mnara, katika Luka 14, kutufundisha kuhesabu gharama kabla ya kuanza. Hesabu ya jikoni ni kuzidisha na kugawanya tu, na kila mama anaiweza.

Kwanza, pima mwenyewe. Chukua futi kamba, hata ile ya kushonea nguo. Pima urefu na upana wa jiko katika sehemu mbili mbili, kwa maana kuta zetu hazikunyooka sawasawa, na uandike kipimo kilicho kikubwa. Tuchukue jiko lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5. Zidisha: 3 mara 2.5 ni mita za mraba 7.5.

Pili, tafuta idadi. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ina eneo la mita za mraba 0.16. Gawanya 7.5 kwa 0.16, utapata 47. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, zinakuwa 52. Kama boksi lina marumaru 12, basi unahitaji maboksi 5, yaani marumaru 60. Idadi iliyomo huandikwa juu ya boksi, nawe uisome, kwa kuwa viwanda havifanani. Fundi akitaka kuzipanga kimshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10.

Tatu, chora mpangilio. Hapa ndipo akina mama wengi tunapopitiwa. Katika upana wa mita 2.5 zinaingia marumaru 6 nzima, na kinabaki kipande chembamba cha sentimita 10 ukutani. Hakipendezi na huvunjika upesi. Mwambie fundi aanzie katikati ya upana: marumaru 5 nzima, na pembeni kila upande kipande cha sentimita 25. Katika urefu wa mita 3 zinaingia 7 nzima na nusu moja. Ukihesabu hivyo unapata marumaru 53.

Sasa angalia mabaki. Fundi cherehani mzuri hapangi kitenge hovyo, bali hukata gauni akijua kola itatoka wapi. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Kila marumaru iliyokatwa kufikia sentimita 25 huacha kipande cha sentimita 15, na katika jiko letu vitapatikana vipande 14. Usikubali vitupwe! Vikipunguzwa kufikia sentimita 10, vinafaa kwa ule mstari wa chini ya ukuta ambao mafundi huuita skatingi. Upande uliotoka kiwandani uelekee juu.

Mzunguko wa jiko ni mita 11. Ondoa mlango wa mita 0.9 na upande wa mita 3 wenye meza ya zege, zinabaki mita 7.1. Vipande 14 vinafunika mita 5.6. Mita 1.5 iliyobaki inatoka katika marumaru moja tu, ikikatwa mara nne. Jumla ni marumaru 54, na maboksi 5 yanatosha. Zile 6 za akiba, ukitoa zitakazovunjika, zihifadhi. Siku moja mchi utaanguka.

Nne, ukuta wa juu ya meza. Urefu ni mita 3 na kimo sentimita 60. Marumaru za ukutani za sentimita 30 kwa 60 zitaingia 10. Nunua angalau 11, hasa kama pana soketi za umeme za kukatiwa.

Tano, vifaa vingine. Kwa sakafu hii, mchanganyiko wenye unene wa sentimita 3, saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, utatumia mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 na mchanga matoroli kama 4. Weka mfuko mmoja zaidi kwa ajili ya ukuta na uji wa saruji. Kwa kuziba maungio, kilo 3 zinatosha.

Ukienda dukani, hakikisha maboksi yote yana namba moja ya rangi. Patana na mwenye duka kwamba boksi lisilofunguliwa litarudishwa, na jambo hilo liandikwe kwenye risiti. Kwa sakafu chagua zenye uso wa kukwaruza kidogo. Zile zinazong'aa huteleza zikilowa, na jikoni hupita watoto na bibi.

Upepo na jua la Dodoma hukausha saruji mapema mno. Mwombe fundi amwagie maji sakafu ya chini kabla ya kuanza, na afunge madirisha. Watu wasikanyage kwa siku mbili, kwa hiyo panga mapema kupika nje. Baada ya hapo, jiko la mkaa liwekwe juu ya kigae au matofali, lisigusane na marumaru, maana joto huzipasua. Kinu nacho kibaki uani.

Mama, fundi ni mtu wa kuheshimiwa, wala hatukufundishi kubishana naye. Mkaribishe chai, mpe karatasi yako, umwombe aikague nawe. Fundi mwaminifu atafurahi. Kisha mwonyeshe baba watoto hesabu hiyo kabla shilingi haijatoka. Fedha iliyohesabiwa na wawili mezani haigombanishi watu baadaye.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.