Msimpunguzie Miaka Beki Wetu

Sunshine, Melbourne

Kwa wazee wangu na vijana wenzangu wa maskani, Paje.

Huku baridi ni kali. Asubuhi nashika patasi huku vidole vimekufa ganzi. Nawasalimu nyote, mkubwa kwa mdogo, na bibi zangu walioko pwani kwenye mwani wao muda huu kama maji yamekupwa.

Ile sauti mliyonirekodia Ijumaa baada ya sala nimeisikiliza mara tatu ndani ya treni. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilicheka, na ya tatu nikaona bora nikae niandike. Mmesema timu moja ya mjini inamtaka beki wetu. Mtu wao alikuja kutembea, akamkuta anacheza ufukweni maji yalipotoka, akampenda. Sharti lao ni moja, asizidi miaka 21. Na nyinyi kwa mapenzi yenu mmeshakaa, mmeshashauriana, mmeamua apunguzwe sita. Kuna mtu atasaidia karatasi. Mnaniomba nauli ya kijana na chai ya huyo mtu.

Nauli naleta. Chai sileti. Najua mtu akikataa jambo naye yuko mbali husemwa kuwa amesahau kwao, kwa hivyo niacheni nieleze kwa kituo.

Huku wana mpira wao, si huu wetu. Uwanja ni mviringo mrefu mfano wa yai, na mpira wenyewe yai vilevile. Wachezaji ni 18 kila upande. Mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na kila goli lina milingoti minne: ukipitisha katikati ya ile miwili ya ndani unapata pointi 6, ukipitisha pembeni unapata 1. Siku ya kwanza kuuangalia nilidhani mpira umepotea na watu wameanza kupigana. Sasa naufuata kama ninavyofuata Ligi Kuu yetu.

Kuingia katika ligi yao kubwa si kwa dau kama Simba na Yanga. Kila Novemba klabu huchagua vijana kwa zamu, na walioshika mkia ndio wanaoanza. Wengi wanaochaguliwa wana miaka 18. Aliyepitwa hapo hurudi kwenye ligi za majimbo, akacheza Jumamosi na Jumatatu akaingia kazini kama mimi. Lakini mlango haufungwi. Kila mwaka wapo wachache wanaochukuliwa wakiwa na miaka 22, 25, hata 27, na mashabiki wanawajua kabisa kuwa hawa ni watu waliosajiliwa wakiwa wazima.

Mwaka 2019 ligi ilirudisha uchaguzi wa katikati ya msimu, na klabu ya Richmond ikamchukua Marlion Pickett. Umri wake ulikuwa miaka 27, umri wa beki wetu hasa. Ni mtu wa asili ya nchi hii, kutoka Australia Magharibi, baba wa watoto wanne, na ujanani aliwahi kufungwa jela. Siku anachukuliwa, kidole chake kilikuwa kimevunjika.

Karakana yetu ina meza moja ya chai, na watu wanaokaa hapo hawana tofauti na maskani, isipokuwa hakuna dhumna. Siku ile chai ilipoa vikombeni. Mmoja akasema klabu imetupa nafasi, kijana wa miaka 18 angewapa miaka kumi na mbili na huyu atawapa minne. Mwengine akasema kijana wa 18 utamlea miaka mitatu kabla hajaweza kusimama mbele ya wanaume, na huyu ameshapigana vikumbo na wanaume miaka yote, mwili wake uko tayari. Wa tatu alitaka kujua habari ya kidole. Wa nne, mzee wa mashine ya randa, alisema mtu anayejua kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho hachelewi mazoezini.

Nilikaa nikasikiliza. Likanijia jambo ambalo hata leo halijanitoka: hakuna aliyeuliza kama ile 27 ni ya kweli. Hata mmoja. Miaka yake ilikuwa juu ya meza pamoja na vikombe, watu wanaipima, huyu anaiona mzigo na yule anaiona mtaji. Sisi pale maskani tungeanza na hilo. Mchezaji akisajiliwa tu, tunaulizana: huyu hiyo ni miaka ya cheti au ya mama yake?

Na kama miaka ni mzigo au ni mtaji, mwezi wa Septemba mwaka huohuo nilipata majibu mawili. Tarehe 8, usiku wa manane wa huku, nilikuwa kitandani na simu naifuata Taifa Stars na Burundi pale Dar es Salaam, kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Ikafika penalti. Golini yuko Juma Kaseja, miaka 34, mchezaji wa KMC, aliyekwishasahauliwa na timu ya taifa muda mrefu. Mnakumbuka wangapi walisema kumrudisha Kaseja ni kufukua makaburi. Burundi hawakufunga hata penalti moja. Tulishinda 3-0.

Siku 20 baadaye, tarehe 28, ilikuwa fainali ya huku, uwanja una watu zaidi ya 100,000. Pickett hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi kuu. Akaanza siku hiyo, kwenye fainali, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1952. Akapokea mpira, akageuka kwa mgongo, yule aliyekuwa anamjia akabaki anakumbatia upepo. Baadaye akafunga goli, na timu nzima ikamkimbilia. Richmond 114, wapinzani wao 25. Jumatatu, yule aliyesema nafasi imetupwa alitununulia keki.

Sasa nije kwangu, maana hamjawahi kunisikia nikisema haya. Mwaka ule na mimi nilikuwa na 34, sawa na Kaseja. Nyumbani nilikuwa fundi, milango nimechonga, mnaijua. Huku nilifika sina cheti, na bila cheti wewe si fundi. Ikabidi nianze uanagenzi. Hapa anayeanza uanagenzi akiwa na miaka 21 au zaidi anaitwa mwanagenzi mtu mzima, jina liko kwenye karatasi, wala halifichwi. Mwenzangu niliyeanza naye siku moja alikuwa na miaka 17. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha mashine na kusoma vipimo vya milimita, na mimi namwita bosi, anacheka.

Wiki ya pili umeme ulikatika. Palikuwa na mlango unasubiriwa, bawaba hazijafungwa. Kijana akakaa akafungua simu. Mimi nikachukua patasi na nyundo, nikauweka mlango ubavu, nikachora mstari kwa ukucha, nikachimba kitanda cha bawaba kama nilivyofundishwa Paje: kwanza unakata mpaka pande zote ndipo unatoa nyama ya mti, la sivyo mbao inapasuka. Bawaba ikakaa, hata wembe haupiti. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu na mimi sina habari. Aliuliza kitu kimoja tu, nimefanya kazi hii miaka mingapi. Nikasema kumi na tano. Laiti siku ile ya kwanza ningejiandika kijana ili nipate nafasi, ningemjibu nini? Ile kumi na tano ndiyo iliyokuwa bidhaa yangu.

Mtasema hayo ni ya kwa wazungu. Haya, turudi kwetu. Saidi Ntibazonkiza, Mrundi, alikuja Yanga mwaka 2020 akiwa na miaka 33, ameshazunguka Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa. Pale kwetu tulisema Yanga imeleta babu aje kumalizia uzee wake. Mwaka 2022 Yanga ikaachana naye, akaenda Geita Gold, na mwaka haujaisha Simba ikamchukua. Watu wakacheka tena. Juni 2023 aliwafunga Polisi Tanzania magoli matano katika mechi moja, na ligi ikaisha yeye na Fiston Mayele wamefungana kileleni kwa magoli 17 kila mmoja. Babu alikuwa ametimiza miaka 36. Nani alimdanganya nani pale? Hakuna. Kila mtu alijua umri wake, na waliomtaka walimtaka na umri huohuo.

Na mchezaji mkubwa wa aina hiyo hayuko kwa wageni tu. Nadir Haroub, Cannavaro wetu, Mzanzibari aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars, alicheza Yanga mpaka katikati ya thelathini. Beki ni mtu wa akili, na akili ya beki inakuja na magoli aliyofungwa. Hilo kila aliyewahi kucheza nyuma analijua.

Upande wa pili mnaujua vilevile, ila hatupendi kuutaja. Aprili 2018 vijana wetu wa Zanzibar, Karume Boys, walikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Wakati huo tulikuwa tunaitaka dunia ituone. CAF ilikuwa imetupa uanachama Machi 2017 na Julai ikatunyang'anya. Desemba ya mwaka huohuo Zanzibar Heroes ikafika fainali ya Chalenji na kufungwa na Kenya kwa penalti tu, kila mtu akawa anatusifu. Miezi minne baadaye, karatasi za watoto zikatuaibisha. Na katika timu ile walikuwamo waliozaliwa mwaka uliotakiwa kwelikweli. Nao walirudi nyumbani.

Ndiyo maana nasema chai sileti. Ukimpunguzia mtu miaka sita, humpi ujana, unamnyang'anya miaka sita aliyoifanyia kazi. Atafika kwenye timu ile ana 21 ya karatasi, na watamtazama kwa macho ya mtu wa 21: kwa nini hakimbii kama wenzake, kwa nini goti linauma, kwa nini hakui tena. Kile alichonacho, kuusoma mchezo, kuwapanga wenzake kwa sauti, kutokuingia kwa pupa, hakitahesabiwa, kwa sababu hataweza kusema amekipata wapi. Na kila siku atakuwa anaogopa simu.

Mama zetu wanalima mwani Paje tangu 1989, na wanatufundisha hili kila bamvua. Mwani ukivunwa wiki mbili unapendeza, laini, lakini ukikauka hauna uzito na mnunuzi anaurudisha. Wanaungoja wiki sita. Hawaendi kwenye mizani wakasema huu wa wiki sita ni wa wiki mbili.

Sisemi kila mkubwa anafaa. Pale karakana yetu watu wanaozungumza kuhusu mchezaji mkubwa hawamwonei huruma. Wanauliza amebakiza miaka mingapi, anaziba pengo gani, majeraha yake yakoje, na kama kijana mzuri zaidi anakosa nafasi kwa ajili yake. Ni maswali ya haki. Muulizeni beki wetu hayohayo. Mimi nikiyajibu kwa niaba yake: amebakiza minne au mitano, anaziba pengo la katikati ya ulinzi, na kwa miaka yote niliyokuwapo kifundo cha mguu wake wa kushoto kilimsumbua msimu mmoja tu.

Ombi langu ni hili. Mpigieni yule mtu wa mjini mmwambie ukweli: beki ana miaka 27, mmemwona mwenyewe, mjaribuni wiki mbili kwa masharti yenu. Wakikataa, wamekataa, na Unguja ina timu nyingine na ligi nyingine ya daraja la chini inayohitaji beki kesho asubuhi. Na nyinyi mnaokaa kwenye kamati za timu za vijiji, kuanzia Paje mpaka Makunduchi, wekeni siku moja ya majaribio kabla ya msimu kwa waliopita miaka 23. Siku moja tu. Wako wengi wanaobeba vifaa vya watalii wa kaiti, wanaoendesha gari, wanaovua, ambao tuliwaita wazee kabla hawajafika 30.

Nauli nimeituma kwa mjomba, atampa mkononi. Kwenye fomu ya usajili, pale palipoandikwa umri, aandike mwenyewe kwa mkono wake: 27.

Wenu, fundi wa Paje aliyeko Melbourne.