Sala na Kura

Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, kila uchaguzi mkuu ukikaribia husikika neno hili kwa baadhi ya waumini: tumpe kura mcha Mungu, hata kama chama chake ni kidogo. Neno ni tamu, lakini tulipime.

Tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2000, mwenye kura nyingi kuliko wenziwe ndiye Rais, hata asipofikia nusu. Hakuna duru ya pili. Basi waumini wakijitenga kumfuata mtu wa tatu, wanampunguzia kura yule wanayekaribiana naye, na kumfungulia mlango wasiyemtaka kabisa.

Mwaka 2010 tuliona wenyewe. Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yalipeleka Bungeni watu wa NCCR-Mageuzi. Lakini mgombea wake wa Urais, Hashim Rungwe, hakupata hata kura 1 katika kila 100 nchini. Mbunge huchaguliwa na jimbo. Rais huchaguliwa na Taifa zima.

Tena ibara ya 20 ya Katiba hairuhusu kuandikishwa chama cha kukuza maslahi ya dini. Haikukataza sala, imekataza mgawanyiko. Mkristo na Mwislamu wa Buha wanalima maharage katika bonde moja, na bei ya mbolea ikipanda haimuulizi mtu dini yake.

Mcha Mungu naye aulizwe kama wengine: ana matawi wapi, na atamfanyia nini mkulima? Tusali kila mtu kwa imani yake; kura tuipige kwa umoja.