Kobalti iko kwetu, betri iko wapi?

Telefone mupya imetoka tena. Sisi vijana wa Kikula tumeangalia video yake mpaka mega zikaisha. Banasema betri yake inaikala siku muzima. Ya kwetu pia: siku muzima inangojea courant!

Tucheke, lakini tuulize. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo. Makamio yanapita nayo Likasi, yanaenda Kasumbalesa. Kwetu vumbi njo inabaki. Aprili 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri za motokaa. Usine iko wapi?

Diplome tuko nazo, kazi hakuna. Wakubwa, mutuambie: itajengwa wapi, siku gani, na kazi ngapi ni za vijana wa hapa? Bila jibu, hatutanyamaza.