Usilipie stika ya G-Sync kabla ya kusoma hii

Ukiingia Luthuli Avenue leo na useme tu kwamba unatafuta monita ya gemu, utavutwa mkono kabla hujamaliza sentensi. "Kuja nikuonyeshe, boss. Hii iko na G-Sync." Kidole kinaelekezwa kwa stika ndogo pembeni mwa skrini, na bei inaruka hapo hapo. Uliza hiyo G-Sync hufanya nini, na jibu utakalopewa ni moja: "Hiyo ndiyo ya magemu."

Sasa wewe ambaye umekaa miezi ukiweka chapaa kidogo kidogo, tulia kwanza. Hii teknolojia ya kulinganisha skrini na mashine si uongo. Inafanya kazi, tena mara nyingi inamsaidia mwenye mashine ya kawaida kuliko yule mwenye mashine ya bei. Lakini siku za kuilipia pesa za ziada zimepita. Anayekuongezea bei kwa sababu ya stika anakuuzia habari ya 2013.

SGR na matatu

Tuelewane kwanza inafanya nini. Monita ya Hz 60 huchora picha mara 60 kila sekunde, bila kukosa. Kadi ya grafiki ndani ya kompyuta haina ratiba kama hiyo. Ukiwa ndani ya chumba kitupu kwenye gemu, inaweza kutoa fremu 80 kwa sekunde. Mlipuko ukitokea na magari matano yakiingia barabarani, inashuka hadi 47. Skrini haijali hayo. Muda ukifika inachora kilichopo, hata kama juu ni picha ya zamani na chini ni ile mpya. Ndiyo maana ukigeuka haraka unaona ukuta umekatika katikati kama karatasi iliyoraruliwa.

Yaani skrini ya kawaida ni kama SGR: saa ikifika inaondoka, uwe umeketi au mguu mmoja bado uko nje. Skrini yenye Adaptive-Sync ni kama matatu: inamngoja abiria. Kadi ikimaliza fremu, ndipo skrini inachora. Ikichelewa kidogo, skrini nayo inachelewa kidogo, na jicho lako halioni mkato wowote.

Kuna ile V-Sync uliyoizoea kwenye menyu ya gemu. Hiyo hufanya kinyume: inailazimisha kadi ingoje skrini. Mikato inaisha, sawa, lakini unabonyeza na mtu anachelewa kuruka. Kwa gemu ya kupigana au ya kufyatuliana risasi, hapo ushakufa.

Vita vilivyoshusha bei

Mnamo Oktoba 2013, kampuni ya NVIDIA ilitangaza G-Sync. Ilitaka kila monita iwekwe kifaa maalum kilichotoka kwake, na kifaa hicho kilikuwa ghali. Pia ulihitaji kadi ya NVIDIA. Ukibadilisha kadi, pesa uliyolipia monita imeenda hivyo.

Januari 2014, wapinzani wao AMD walionyesha FreeSync, ambayo haikuhitaji kifaa hicho. Mei mwaka huo huo, VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, liliingiza Adaptive-Sync kwenye kiwango cha DisplayPort 1.2a. Kuanzia hapo mtengenezaji yeyote angeweza kuiweka. Monita za FreeSync zikajaa sokoni kwa bei ya chini.

NVIDIA ilishikilia msimamo wake kwa miaka, kisha Januari 2019 ikalegeza: kadi zake kuanzia familia ya GTX 10 zikaruhusiwa kufanya kazi na monita za Adaptive-Sync. Ndipo lilipozaliwa jina G-Sync Compatible. Shika hapo: monita yenye jina hilo haina kile kifaa ghali ndani. Ni Adaptive-Sync ile ile, ila imepita mtihani wa NVIDIA.

Mwaka 2024 mambo yakafika mwisho. Mwezi Machi, AMD ilipandisha masharti yake kwa sababu monita za Hz 144 zilikuwa zimekuwa za kawaida. Agosti, NVIDIA ilitangaza kwamba kazi ya kile kifaa chake itaingizwa kwenye chipu za MediaTek ambazo hukaa ndani ya monita hata hivyo. Aliyeanza kwa kufunga mlango ameishia kuufungua. Sisi wanunuzi tulishinda vita ambavyo hatukupigana, lakini kwa baadhi ya maduka yetu taarifa hiyo haijafika. Au imefika na wakanyamaza.

Somo lililonigharimu

Nayasema haya kwa sababu nililiwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, nikaanza kuhariri video za watu ili nijimudu. Pesa ya kwanza ya maana niliyoweka ilikuwa ya monita. Duka moja katikati mwa jiji lilikuwa na mbili zinazofanana, moja ina stika, nyingine haina. Niliongeza Sh5,000 nikachukua ya stika. Muuzaji akanifungia na kebo ya HDMI, tukasalimiana kwa ngumi.

Nyumbani nikaichomeka kwa kompyuta yangu yenye kadi ya GTX 1060. Nikatafuta G-Sync kwenye mipangilio, hakuna. Nikazima, nikawasha, hakuna. Wiki tatu nilidhani nimeuziwa feki. Kumbe kadi kama yangu inahitaji kebo ya DisplayPort kwa kazi hiyo, si HDMI. Nikanunua kebo, ikawaka mara moja.

Kilichoniuma ni kingine. Nilipoingia tovuti ya mtengenezaji, nikaona ile ya pili, isiyo na stika, ina Adaptive-Sync vile vile, masafa yale yale. Sh5,000 zangu zilinunua karatasi yenye gundi.

Namba mbili za kuuliza

Usiulize kama ipo, uliza inaanzia Hz ngapi hadi ngapi. Hata matatu haiwezi kumngoja abiria milele. Monita nyingi za bei nafuu hufanya kazi hii kati ya Hz 48 na 75. Gemu ikishuka hadi fremu 40, umetoka nje ya masafa na mikato au kukwama-kwama kunarudi.

Monita nzuri ina ujanja wa kurudia fremu. Ukiwa na fremu 40, inachora kila moja mara mbili, yaani Hz 80. Fanya hesabu sasa. Kwa monita ya 48 hadi 75, 80 haitoshei. Kwa ya 48 hadi 144, inatoshea bila shida. Kanuni rahisi ni hii: namba kubwa iwe angalau mara mbili ya namba ndogo. Wakati ule NVIDIA inafungua mlango 2019, ilisema imepima monita 400 na ni 12 pekee zilizofaulu. Zote zilikuwa na jina zuri kwenye boksi. Kwa hivyo amini namba, si jina.

Wewe uko wapi hapa?

Kama una kompyuta ya ex-UK uliyoiongezea kadi ya zamani, na gemu zako zinaruka kati ya fremu 45 na 80, hii ni yako. Ndiyo inayoficha udhaifu wa mashine yako, na inakuahirishia gharama ya kununua kadi mpya. Tafuta yenye masafa mapana, hata kama haina taa za rangi wala umbo la kujikunja.

Kama unacheza Valorant au Counter-Strike na mashine yako inatoa fremu zaidi ya 200, mikato utaiona kwa nadra. Pesa yako iende kwa Hz nyingi kwanza. Sync ikija nayo, sawa.

Kama una PS4, usidanganyike hata kidogo. PS4 haina teknolojia hii, na haipeleki zaidi ya Hz 60. Monita ya Hz 144 kwa PS4 ni kununua viatu vya mbio ukaketi. PS5 ilianza kuiunga mkono Aprili 2022, lakini inataka ile iliyomo kwenye kiwango cha HDMI 2.1. Monita iliyoandikwa FreeSync pekee inaweza isikubaliane nayo. Tena kama kazi ya PS5 yako ni EA FC tu, gemu hiyo hukaa kwenye fremu 60 imara. Hapo huna cha kusawazisha.

Ukiwa dukani

Chukua namba kamili ya modeli, si jina la kampuni tu, uitafute kwa simu ukiwa umesimama hapo hapo. Angalia masafa, na kama kazi hiyo hupita kwa DisplayPort, HDMI au zote. Linganisha na tundu lililo kwenye kadi yako. Kisha omba iwashwe, tena ichezeshwe kitu chenye giza, kwa sababu baadhi ya skrini za VA humetameta teknolojia hii ikiwashwa. Ukikataliwa kuijaribu, duka la jirani liko hatua kumi. Usitoke bila risiti yenye namba ya modeli.

Ukifika nyumbani, ingia menyu ya monita yenyewe uwashe Adaptive-Sync, maana nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Halafu ingia mipangilio ya Windows uhakikishe Hz umeipandisha. Nimewatembelea mabeshte wawili waliokaa miezi na monita ya Hz 144 ikikimbia kwa 60, wakiapa kwamba wanaona tofauti.

Monita hukaa nawe kuliko kadi na kuliko simu. Kwetu wengi si ya gemu pekee, ni meza ya kazi pia. Kwa hivyo siku muuzaji atakapokuonyesha ile stika na kupandisha bei, muulize swali moja tu: "Inaanzia Hz ngapi, inaishia ngapi?" Akijua jibu, mnaweza kuongea bei. Asipojua, hana sababu ya kukutoza kwa ajili yake.